Koti la Mzee Tulieni

Sinza, Dar es Salaam
20 Aprili 2024

Dada Placidia,

Shikamoo. Barua hii nimempa Evaristi, kondakta wa basi la Karagwe, na nimemwapisha asiifungue mpaka ifike mkononi mwako hapo Nyaishozi. Alicheka. Nilikuwa namwapisha kweli kabisa, yeye akacheka mpaka akashika mlango wa basi asianguke.

Tangu baba yetu afe, tangu tata azikwe, nimekupigia sijui mara ngapi. Namba yangu umeifungia. Nikaazima simu ya jirani, ukapokea, uliposikia ni mimi ukakata. Dada, mwezi na zaidi umepita. Mpaka lini?

Sikuja kumzika kwa sababu tulikuwa tunarekodi filamu Lushoto, na bosi alisema nikiondoka kazi ya watu arobaini inasimama. Najua hilo si jibu. Ndiyo maana nilirekodi rambirambi kwenye simu na kumtumia mwinjilisti, ili angalau sauti yangu iwepo kaburini. Nimemuuliza ilipokelewaje, akasema tu "ilisikika vizuri", akabadilisha mazungumzo.

Naomba uniambie tarehe ya kuondoa matanga. Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee wa Gaudiosus. Watu wanicheke mjini, sawa, ndiyo kazi yangu. Lakini siku hiyo nataka nikalie kiti cha tata kama mtoto wake, watu wanitazame na wasicheke. Hicho tu ndicho ninachokitaka, sina kingine.

Mdogo wako,
Jovin


Nyaishozi
6 Mei 2024

Jovin,

Marahaba, kwa sababu shikamoo hainyimwi jibu. Zaidi ya hiyo usitafute heri nyingine humu ndani.

Unauliza rambirambi yako ilipokelewaje. Haya, kaa chini. Jeneza lilikuwa juu ya mabenchi mawili, usharika mzima uwanjani, shangazi Benadeta kichwani. Mwinjilisti akaunganisha simu yake kwenye spika. Ukasema, "Ndugu waombolezaji." Maneno mawili tu! Niyonkuru, huyu anayetulimia migomba, akapiga cheko la puani. Kina mama wakaanza kuziba midomo kwa kanga. Wewe kwenye spika unalia, na kadiri unavyolia ndivyo wanavyocheka, wanadhani Mzee Tulieni wa kwenye filamu yuko kazini. Mwinjilisti akahangaika kuzima, hakuiona hata sehemu ya kuzimia. Baba yetu amefukiwa watu wakicheka, Jovin. Vicheko vyako.

Simu nimekufungia na haitafunguliwa. Wewe kazi yako ni sauti. Kwenye simu utanitolea ya kulia, ya kuungama, ya mtoto mwema, zote unazo. Karatasi haina sauti. Ukiwa na la kusema, andika.

Na huyo Mzee Tulieni si wako, ulimwiba. Mimi ndiye niliyeanza kumwiga tata, jikoni kwetu, wewe ukiwa unanyonya kidole. Anavyopangusa kigoda mara tatu kwa kofia kabla hajakaa. Anavyovua viatu akifika kwenye tope na kuvibeba kifuani. Anavyosema "Tulieni, tulieni kwanza" na hakuna hata mmoja anayepiga kelele. Nilimwiga mbele yake, naye alicheka mpaka anafuta macho. Alicheka kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na tulikuwa sisi tu.

Wewe ukaubeba mchezo wetu ukawauzia watu wasiomjua. Na koti lake juu! Koti la kahawia alilolinunua mwaka aliochaguliwa mwenyekiti wa chama cha msingi cha kahawa, lenye kifungo kimoja chekundu alichokishona mama. Alikuvisha kwa mikono yake stendi ya Kayanga, ili usionekane maskini mjini. Ukalivaa mbele ya kamera. Filamu ya kwanza mbuzi akalitafuna mfuko. Ya pili ukatumbukia nalo kwenye mtumbwi wa kukamulia pombe ya ndizi.

Unajua alimaliza miaka mitatu bila kukanyaga senta, pale madukani? Kabla ya hapo kila akipita, watoto nyuma: "Tulieni! Tulieni!" Siku ya mwisho nilikuwa naye. Alifika kwenye dimbwi la pale mashineni akasimama. Hakujua avue viatu au asivue, watu wanamtazama, simu zimeinuliwa. Akageuka akarudi nyumbani. Hata kanisani hakwenda tena.

Na kiti unachokitaka, unajua fika kwamba mrithi hakalii kiti kabla hajavishwa vazi la marehemu. Vazi lenyewe umeligeuza tambara la kuchekesha.

Placidia


Sinza
19 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimekaa sakafuni, kwa sababu uliniambia nikae chini.

Sikujua kuhusu dimbwi. Wallahi sikujua. Nilikuwa nikimpigia tata ananiambia magoti yanamsumbua, ndiyo maana hatoki. Nikamtumia dawa ya kuchua. Alinishukuru, akasema inamsaidia.

Sijui nikuombe radhi kwa namna gani. Andika lolote unalotaka nifanye, nitafanya.

Jovin


Nyaishozi
26 Mei 2024

Joviana mtani wangu wa Kituntu,

Habari za huko? Maharage mmeshavuna? Nakuandikia kwa sababu nakutumia na barua za Jovin uzisome mwenyewe, ukishamaliza mrudishie huyuhuyu aliyekuletea.

Kuondoa matanga ya baba ni tarehe 31 Agosti. Watu wakishakula, nyie watani wetu mtamwiga marehemu kama ilivyo desturi, watu wacheke machozi yakauke. Ninaomba kitu kimoja. Mkishamaliza, zamu ya mwisho niachie mimi.

Nitamwiga Jovin.

Usishtuke. Najua kwetu siku ile anaigwa nani. Anaigwa aliyekufa, na hakuna mwingine. Ndiyo maana namtaka siku ileile, uwanja uleule, ukoo mzima wakiwa wameshiba na rubisi imewalegeza. Aje na suti yake ya Dar, akae pale akingojea kiti, ajione anaigwa kama maiti. Wamcheke mpaka alie, na akilia wamcheke zaidi. Baba alipata miaka mitatu ya namna hiyo. Yeye atapata nusu saa.

Shida yangu ni moja tu, simjui tena. Ni miaka tisa hajakaa na sisi. Siwezi kumwiga mtu wa kwenye filamu, nataka mwenyewe, wa chumbani. Basi nitamwandikia barua tamu nimuulize anavyoishi. Atanieleza yote. Tangu utoto anapenda kuhurumiwa.

Shangazi Benadeta asijue. Ataniharibia.

Mtani wako,
Placidia


Nyaishozi
27 Mei 2024

Jovin mdogo wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifanya nilie kidogo. Hasira zimenishuka, na mimi ni mtu mzima sasa, nikalale na kinyongo hadi lini?

Nimegundua sikujui tena. Niandikie unavyoishi. Unaamkaje, unakula nini, unavaa nini ukitoka, uko na nani. Hata mambo madogomadogo, hata yale ya aibu. Mimi ni dada yako, nisipoyajua mimi ayajue nani?

Dada yako,
Placidia


Sinza
16 Juni 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Hujui umenitua mzigo gani.

Unataka madogomadogo? Haya. Nikitoka navaa miwani myeusi ili watu wasinijue. Naivaa hata dukani. Mwezi uliopita niligonga mlango wa kioo wa benki, pua ikavimba, na watu waliokuwa kwenye foleni wakanipigia makofi. Wakasema, "Mzee Tulieni, rudia!"

Niliumwa kifua, nikaenda kwa daktari. Nikasema, "Daktari, hapa panabana." Akacheka, akawaita wauguzi waje wasikie ninavyosema. Tulipiga picha. Nikarudi nyumbani na kifua changu.

Nilikuwa na mchumba, Ingabire, wa Nkwenda kule Kyerwa, wazazi wake ni watu wa asili ya Rwanda wanaolima kahawa. Msichana mzuri, Dada, ungempenda. Nilipomwambia nataka kumuoa alicheka. Nikamwambia sitanii, akazidi kucheka, kisha akaanza kulia. Akasema, "Jovin, mimi sijui ni saa ngapi upo na saa ngapi hupo." Akarudi kwao.

Basi sasa kila asubuhi nasimama mbele ya kioo cha bafuni, nasema, "Mimi naitwa Jovin Gaudiosus." Nasema mara kumi. Natafuta sauti yangu mwenyewe. Mara nyingine inatoka ya tata, mara nyingine hata sijui ni ya nani. Ikifika mara ya saba huwa nimeshachoka.

Chakula ni ugali tu. Ndizi za hapa zikifika zimeshakasirika.

Hayo sijamwambia mtu. Usinicheke.

Mdogo wako,
Jovin


Nyaishozi
7 Julai 2024

Jovin mwanangu,

Pole sana na hiyo pua. Pole na Ingabire. Nani akucheke?

Nimekaa nawaza hilo la kioo. Unaposema jina lako, unashika sinki au mikono iko nyuma? Na sauti inapanda au inashuka? Nataka kukuona vizuri, ndiyo maana nauliza. Na niambie jambo moja lililo gumu. Unalia vipi siku hizi? Nikikukumbuka ukilia, nakumbuka mtoto wa miaka mitano.

Matanga tutaondoa Jumamosi ya tarehe 31 Agosti. Ukoo utakuwepo wote. Kiti cha tata nimekipaka mafuta. Njoo na koti, hata kama limebaki vipande, lete hivyohivyo.

Dada yako,
Placidia


Sinza
21 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Nashika sinki kwa mikono miwili. Sauti inaanzia juu, inashuka.

Kulia. Hili ni gumu kweli. Habari za kifo cha tata nilizipata lokesheni, kamera ikiwa inazunguka, nimevaa nguo za Mzee Tulieni, niko juu ya punda. Msaidizi alikuja akaninong'oneza. Nikaanza kulia. Bega langu la kushoto linapanda lenyewe, napiga kwikwi tatu, kisha nakohoa, ndivyo nilivyo. Mwongozaji akanyoosha mkono, akasema, "Msikate, msikate, hii ni dhahabu." Walicheka wote mpaka punda akakimbia. Baadaye walipojua waliomba radhi. Lakini kipande kimebaki kwenye filamu. Wanasema ndicho kinachochekesha kuliko vyote.

Nitakuja. Nitapanda basi la Alhamisi, Ijumaa usiku nitakuwa hapo. Koti lipo, nitakuja nalo. Lina maneno yake ambayo nitakueleza ana kwa ana.

Dada, sijaogopa kamera hata siku moja, ila naogopa uwanja wetu. Wakianza kucheka, utasimama karibu nami?

Jovin


Nyumba ya wageni, Omurushaka
1 Septemba 2024

Placidia,

Nilikuja. Basi liliharibika tukalala njiani, nikashuka Nyaishozi jana saa nane mchana. Sikupita barabarani, nilikata ndani ya kibanja kwa nyuma, katikati ya migomba, ili nimsalimie tata kaburini kwanza. Nikasikia vicheko. Nikatabasamu peke yangu. Nikajua watani wameanza, wanamwiga mzee, na mimi nimeuwahi mchezo.

Kisha nikakuona wewe. Umevaa miwani myeusi. Ukagonga nguzo ya baraza kwa pua, watu wakapiga makofi. Ukashika sinia kama kioo, ukasema, "Mimi naitwa Jovin Gaudiosus," ukoo wote ukawa unahesabu na wewe. Ya saba ukachoka, kama nilivyokuandikia. Ukapiga magoti kwa Joviana, ukamwita Ingabire. Nilisimama pale nyuma ya mti wa kahawa nikajishika mkono, nikaupapasa, nione kama upo.

Halafu bega la kushoto likapanda. Kwikwi tatu. Ukakohoa.

Nakwambia kama mtu wa kazi hii. Ulinipata. Miaka tisa nafanya kazi hii na sijawahi kumpata mtu hivyo. Shangazi alikuwa kiti cha mbele, sikuona uso wake, na sikutaka kuuona.

Mlinisimika, sivyo? Mlinisimika miongoni mwa waliokufa. Nilikuomba kitu kimoja tu, wasicheke.

Koti nimelitundika kwenye mti wa kahawa ulio kichwani mwa kaburi. Mvisheni mnayemtaka. Usiniandikie.

Jovin


Nyaishozi
8 Septemba 2024

Jovin,

Umesema nisiandike, ninaandika. Tangu lini ukanipangia?

Nakwambia kweli, zamu yangu ilifika wewe hujaonekana, nikaigiza hivyohivyo, na nilifurahi. Nilipoona wanashika mbavu nilisema moyoni, tata, hii ni yako. Kila kicheko nilikihesabu. Na ulistahili. Sitaki kukudanganya kwamba nimejuta yote.

Lakini shangazi Benadeta hakucheka. Nilipomaliza kukohoa, alisubiri watu wanyamaze, akaniuliza mbele ya wote, "Placidia, Jovin amekufa lini?" Nikavua ile miwani. Akauliza tena, "Amezikwa wapi? Mbona sikuitwa?" Watu wakaanza kutazama chini. Joviana akachukua sinia lile akalirudisha jikoni taratibu.

Jioni Niyonkuru akaniletea koti. Nikajua ulikuwepo.

Nililichukua nikalitandaza mezani kutafuta tundu la mbuzi, nijikumbushe hasira yangu. Mfuko ni mzima, haujatafunwa. Nikatafuta madoa ya pombe. Hakuna. Linanuka dawa ya nondo. Kifungo chekundu kipo, na uzi ni ule mweupe wa mama, haujaguswa. Nikatia mkono mfuko wa ndani nikatoa jani la mgomba lililokauka, limefungwa, ndani kahawa za kutafuna alizokupa tata stendi ya Kayanga. Hukutafuna hata moja.

Hili koti halijawahi kuingia kwenye filamu yoyote. Jovin, kwa nini hukusema? Nilikutukana kwa ajili ya koti hili karatasi nzima, ukanyamaza!

Nina hasira bado. Dimbwi la mashineni liko palepale, na tata hayupo. Ila hasira yangu ilikuwa na miguu miwili na sasa mmoja umevunjika.

Kiti hakijakaliwa. Shangazi amegoma. Anasema hakuna mrithi atakayesimikwa mpaka aliyeigwa aje kwa miguu yake, watu wamwone anapumua. Njoo.

Placidia


Sinza
30 Novemba 2024

Placidia,

Leo sikuamkii.

Barua yako ilifika Septemba. Unauliza kwa nini sikusema. Koti la filamu lilishonwa na fundi wa Kariakoo. Nilimpelekea la tata alitazame, akanakili kila kitu mpaka kifungo, na la tata likarudi kwenye sanduku siku hiyohiyo. Ningekwambia ungeamini? Mimi nikisema naumwa kifua watu wanapiga picha. Nilitaka uliguse kwa mkono wako.

Sasa nisikilize. Ninazo barua zako nne. Ile ya Mei, ya "Marahaba, kwa sababu shikamoo hainyimwi jibu", nilimsomea bosi ofisini. Alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Nikamsomea ile ya "Pole sana na hiyo pua". Akafunga mlango asisumbuliwe.

Mzee Tulieni tumemwacha. Filamu mpya ina mwanamke wa Nyaishozi, mkali, anayemkomesha kila mtu kwa barua. Anaitwa Dada Karatasi. Nitamcheza mimi mwenyewe. Kanga nimenunua, na mkono kiunoni nimeshaufanyia mazoezi. Inatoka Februari. Kibanda cha video cha hapo senta kitaionyesha, nimehakikisha. Nenda ukae mbele.

Ulinitegea kwa upole, mimi nakwambia mapema. Tumelingana.

Jovin Gaudiosus


Nyaishozi
9 Machi 2025

Jovin,

Imefika. Wiki ya kwanza sikujua. Nilikwenda senta kununua chumvi, watoto wakaanza nyuma yangu: "Karatasi haina sauti! Karatasi haina sauti!" Muuza duka akajifanya anapanga sabuni, mabega yanamtikisika. Nikatoka bila chumvi. Nikafika dimbwi la mashineni nikasimama. Mimi viatu sivui, sijawahi kuvua, ila nilisimama pale sijui nipite vipi, naona kila mguu nitakaotanguliza utachekwa. Nikageuka nikarudi nyumbani.

Siku nane sikutoka. Siku ya tatu nilichukua koti na kiberiti, nikakaa na vyote viwili mapajani. Nilikulaani, Jovin. Nilikulaani kwa Kinyambo na kwa Kiswahili. Nilitaka uliite koti hili na likose kukuitika.

Kisha nikawaza, tata alikaa ndani miaka mitatu, na mimi nilikuwa nampelekea chai tu. Sikumwambia hata siku moja, twende wote. Niliona kukuchukia wewe kunatosha.

Basi juzi Ijumaa nikalivaa koti lake. Linanifika magotini. Nikashuka barabarani mchana kweupe, wakaniona wote. Dimbwini nikavua viatu, nikavibeba kifuani kama yeye, nikapita katikati. Hakuna aliyepiga kelele. Niyigena, mwenye kibanda cha video, akaniwekea benchi mbele. Nikalipangusa kwa leso mara tatu, nikakaa. Nikamwambia, "Washa."

Nikajiona. Midomo ile, ee Mungu! Nilitaka kukurushia kiatu pale kwenye televisheni. Watu wakawa wananitazama mimi kabla hawajathubutu kucheka.

Lakini ukafika pale pa jikoni. Hukuniambia kwamba utaweka jikoni. Dada Karatasi anafunga mlango, anasukuma kigogo cha kukomea, anahakikisha umefungwa, ndipo anamwiga baba yake, na mzee amekaa pembeni anafuta macho kwa kicheko. Umenicheza mimi nikimcheza tata. Na tata umempata, Jovin. Si yule wa punda na mbuzi. Ni wetu. Nilicheka kwa sauti peke yangu, ndipo kibanda kizima kikacheka, na mimi nikawa nalia, na hakuna aliyeona vibaya.

Ila umeharibu mkono. Mimi nashika kiuno kwa mkono wa kushoto, wewe umeshika wa kulia filamu nzima! Na nikikasirika sipayuki, nanyamaza kwanza. Nani alikufundisha kazi? Ungeniuliza.

Kwa hiyo hatujalingana. Mimi nilikupata mpaka bega, wewe umenikosa mkono. Una deni la mkono huo kwangu na utakuja kulilipa hapa.

Shangazi Benadeta ameita ukoo Jumamosi ya tarehe 26 Aprili. Njoo kwa miguu yako, upite barabarani, si nyuma ya migomba. Koti nimelianika, nitakuvisha mwenyewe mbele ya watu, na kola nitaivuta mpaka ukohoe. Utakaa kwenye kiti na utasema jina lako, mara moja tu. Wakicheka, wacha wacheke. Uliniuliza kama nitasimama karibu nawe, na sikukujibu. Nitakuwa nyuma ya kiti, mkono wa kushoto kiunoni, uone unavyoshikwa.

Simu nimekufungulia. Usipige, njoo.

Dada yako,
Placidia